Sumaku ya Mguu wa Wilondja

Mfupa wa muundi wa Wilondja ulivunjika ghalani Blacktown, ugenini alikofanya kazi, foklifti ya kubebea mizigo iliporudi nyuma bila dereva kumwona. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa bado haujaunga. Madaktari waliweka vyuma, wakavitoa, na kati ya vipande viwili likabaki pengo la upana wa kidole gumba.

Julai ya 2021, jiji likiwa limefungwa kwa Korona, daktari wake wa mifupa alimpa nafasi katika jaribio dogo. Pengo lingejazwa sponji yenye vitundu, iliyochanganywa na chembe za chuma ndogo kuliko vumbi. Kisha angevaa pete ya sumaku mguuni kila siku. Sumaku ingezitikisa zile chembe, nazo zingeziamsha seli zijenge mfupa mpya. Kwa kondoo ilikuwa imefanya kazi. Kwa watu, ilikuwa imejaribiwa kwa wachache tu. Upasuaji ulipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mkalimani wa simu alieleza yote, lakini Wilondja aliomba mtu wa kukaa naye na kumweleza polepole. Akatumwa Ludovick, Mtanzania aliyekuwa akitengeneza ile sponji maabarani, naye aliishi Merrylands, mtaa uleule wa Wilondja. Wakakaa uani kwa Wilondja, barakoa usoni, viti vikiwa vimeachana.

"Sasa nikipita karibu na friji, itanivuta?" Wilondja akauliza.

"Haikuvuti, kaka. Chuma chenyewe ni kidogo mno."

"Lydie, unasikia? Wewe ulifikiri nitanata jikoni, nikusaidie kuosha masahani."

"Ata sumaku haiwezi hiyo kazi," mke wake akajibu kutoka mlangoni.

Wilondja alicheka, kisha akautazama mguu wake. "Mimi niko tayari. Lakini baba mukubwa hajasema neno. Kwetu mutu hapasuliwi kama familia haijakaa."

Baba mkubwa huyo, Mzee Symphorien, alikuwa kwao Uvira, ng'ambo ya bahari.

"Mguu ni yako ao ni ya baba mukubwa?" Lydie akauliza.

"Ni yangu. Lakini nikifia pale kwa meza, ni nani atasimama mbele ya batu aseme alijua?"

Lydie akaleta simu. Wakampigia mzee kwa video.

"Shikamoo, mzee," Ludovick akasema.

"Eeh... jambo sana, mutoto yangu!" Salamu hiyo mzee hakujua hujibiwaje, wakacheka wote.

Ludovick aliinua kipande cha sponji mbele ya kamera na kueleza. Mzee aliuliza maswali ya maana. Chuma kitabaki mwilini? Sehemu kubwa itayeyuka taratibu. Kikikataa? Kitatolewa. Mwishowe akasema, "Muzuri. Wajomba wake wako Baraka na Fizi. Lazima niwaite tuongee. Kuna haraka?"

Haraka ilikuwepo. Kila asubuhi idadi ya wagonjwa ilitangazwa imepanda, na kazini kwao Ludovick walishaanza kunong'ona kwamba upasuaji usio wa dharura utasimamishwa. Lakini alikulia Moshi, katika nyumba ambayo kijana hampangii mzee siku. Tena aliona si haki kumsukuma mtu katika jambo la mwili wake.

"Hapana, mzee. Kaeni, mjadiliane."

Lydie alimtazama, akaingia ndani.

Kesho yake Ludovick alimwomba daktari aahirishe. Daktari hakubisha, nafasi ya Ijumaa akapewa mwanamke mmoja wa Bankstown.

Familia ilikaa Jumapili, haikumaliza, kwa kuwa mjomba mmoja mtandao ulimkatikia. Ikakaa tena, ikafunga na kuomba, halafu ikakubali.

"Wamekubali!" Wilondja alipiga simu. "Ata ule mujomba ya kiburi!"

Wiki hiyohiyo hospitali zilisimamisha kila upasuaji uliokuwa unaweza kusubiri.

Upasuaji uliporejea, usaha ulikuwa umeingia katika lile pengo, na jaribio halikupokea mfupa wenye maambukizi. Madaktari wakakwangua, wakazibana ncha mbili pamoja kwa vyuma. Mguu ukapona, ukiwa mfupi. Wilondja hakurudi tena ghalani. Sponji yake ilikaa kwenye pakiti hadi muda wake ukapita, na Ludovick ndiye aliyeitupa. Alikuwa ameiona picha ya eksirei ya yule mwanamke wa Bankstown: mfupa mpya ulikuwa umejaa pengo lote. Picha hiyo hakumsimulia mtu yeyote Merrylands.

Mwaka uliofuata, watu waliporuhusiwa kutembeleana, alikwenda kuwasalimu, mfuko wa machungwa mkononi. Wilondja alikuwa amelala. Simu ya Lydie ikalia. Alikuwa Mzee Symphorien, na aliposikia mgeni ni nani akaomba amwone.

"Mutoto yangu, bazungu banapasuaga tu. Wewe ulituheshimu, ukatungoja. Familia yote inakushukuru. Mungu akubariki."

Ludovick alifungua mdomo. Lydie alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, akimtazama yeye, si kioo cha simu.

"Asante, mzee," akasema. "Asante sana."

Mzee alitaka kuendelea. Lydie akaigeuza simu upande wake na kumwambia samahani, baba, chakula kimeiva, mgeni anakula. Akaaga, akakata.

Jiko lilikuwa bado halijawashwa.