Mashine ya Kufulia ya Peggy

Mikate ya zamu ya asubuhi ilikuwa inatoka kwenye tanuri Arlene alipopewa hati yake ya mshahara. Aliifungua papo hapo, mikono ikiwa na unga. Kodi ya jimbo la Oregon ilikuwa imekatwa tena, ileile, kama vile hajahama.

Alidhani ofisi imesahau. Wakati wa mapumziko akaenda kwa Nadine, karani wa mishahara, akamweleza kwa upole kwamba siku hizi anakaa Vancouver, ng'ambo ya mto, jimbo la Washington, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Kwa ajili hiyo alikuwa ameacha nyumba aliyopanga hapahapa Portland, Oregon, tangu ujana wake, kwa mzee asiyejua kupandisha pango. Kaka yake Gordon ndiye aliyemshawishi. Njoo upange chumba changu cha chini, alimwambia. Mshahara utaupata mzima, na vitu utanunua Portland ambako dukani hakuna kodi. Utakula pande zote mbili.

Nadine alivua miwani.

"Kodi inafuata kazi, Arlene, haifuati kitanda. Unaoka mikate Oregon, utakatwa Oregon, hata ukalale mwezini."

"Mbona Gordon hakatwi?"

"Gordon yuko tawi letu la kule Vancouver. Swali hilihili aliniuliza kabla hajahama, kwenye kiti hichohicho. Nikamwambia asihame mpaka apate nafasi ng'ambo. Akasubiri mwaka mzima."

Arlene alikunja hati yake ya mshahara. Aliuliza kama tawi la kule lina nafasi. Halina, na halitarajii kuwa nayo. Akashukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akarudi kwenye tanuri.

Baada ya kazi alipitia dukani kuchukua mashine ya kufulia ya wifi yake Peggy, ambayo Gordon alikwisha kuilipia. Ndiyo desturi ya watu wa mto ule: anayefanya kazi Portland huwavushia ndugu zake vitu vya bei kubwa, wakwepe kodi ya madukani kwao. Arlene alikwisha kuwavushia televisheni, matairi na jokofu, kwa petroli yake. Siku zote kwenye foleni ya darajani alikuwa akijiona mjanja. Leo alijiona punda, na aliyembebesha mzigo ni ndugu yake wa tumbo moja.

Gordon alikuwa mlangoni na glavu mkononi.

"Umechelewa, bibie. Peggy ana mlima wa nguo humu."

"Ulijua," Arlene alisema. "Nadine alikwambia."

Gordon alivaa glavu moja, kidole baada ya kidole.

"Chumba kilikaa kitupu muda mrefu. Nikaona heri nipangishe damu yangu kuliko mgeni."

"Mgeni angeuliza, kaka. Mimi sikuuliza kwa sababu ni wewe."

"Basi yamepita. Hebu tushushe hii kabla mvua haijaanza."

Arlene alirudi kwenye usukani, akageuza gari. Gordon alimwita mara moja tu, maana majirani walikuwa nje.

Dukani alisema mwenye mashine ameghairi, wakaipokea. Kisha akapita mtaa wake wa zamani. Jikoni kwake kulikuwa na pazia la watu wengine, na baiskeli ya mtoto ngazini. Tangazo la nyumba ya jirani lilitaja pango ambalo mshahara wake wote usingelitosha.

Akavuka daraja tena. Pango la mwezi huo Gordon alikuwa ameshalitia mfukoni, na hakuwa mtu wa kurudisha. Alipofungua mlango wa chumba cha chini alikuta taulo za Peggy zimelowekwa kwenye beseni lake, na sabuni imewekwa kando, tayari kwa yeye kuzifua.

Arlene akasafisha unga kwenye kucha zake, akazima taa, akaziacha taulo zilowe.