Hodi kwenye Ngozi

Jana usiku niliota nakimbia na klabu yetu ya joging saa saba mchana, jua la Mbagala limeshuka hadi kwenye nguzo za umeme. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Mimi ndiye mwimbishaji, na tumboni nimejifunga nailoni, kama tunavyofanya wote, ili kitambi kiyeyuke. Dawa ya presha nilikuwa nimeiacha wiki nzima. Mtu anayetokwa na jasho kama mimi, dawa ya nini?

Kipimo cha presha kikaja kukimbia pembeni yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na wewe umejiunga?"

"Hapana, nimetumwa. Kuna watu wamekwama ndani yako."

Kikanikumbatia mkono, kikajaza upepo, na mara nimo ndani ya mkono wangu mwenyewe. Ni uchochoro mwembamba, mwekundu, una joto la jiko la shughuli. Wanawake wamepanga foleni kutoka kwenye misuli, kila mmoja na sufuria ya joto kichwani. Mbele kuna mlango wa ngozi. Wanabisha hodi. Mlango unafunguka upana wa kidole, kisha unajifunga.

"Zamani ulikuwa unafunguka wote," ananiambia wa mbele, mama mnene anayeitwa Damu. "Tunatoka, tunamwaga joto, tunarudi. Sasa presha imekaza bawaba. Tusipopita hapa, shoga, joto tutalipeleka wapi? Litabaki humu humu, na moyo wako umeshachoka kutusukuma."

"Jasho je?"

"Liko nje, limekaa chini ya nailoni. Nalo halina pa kwenda."

Niliogopa, sitaficha. Ukuta unanidunda mgongoni, sufuria zinatokota, wa nyuma wanaanza kuona kizunguzungu. Lakini mwimbishaji ni mwimbishaji. Nikapiga makofi, nikaanzisha.

"Hodi, wenyewe."

"Hodi," wakaitikia wote.

Tukabisha kwa mapigo ya joging, kushoto, kulia. Uchochoro mzima ukatetemeka. Nilikuwa nakufa, na maishani sijawahi kuimba vizuri vile.

Ndipo sauti ya mwanamume ikajibu kutoka nje, nzito, ya usingizi: "Karibuni."

Mlango ukafunguka wote kwa mara moja. Wanawake wakatoka mbio, wakamwaga joto barazani, upepo ukaingia, na mimi nikaamka nikiwa nacheka.

Kumekucha. Baba Tausi, mume wangu, amelala sikio juu ya mkono wangu.

"Mama Tausi," akasema bila kufumbua macho, "mkono wako umebisha hodi mpaka nikaona haya. Nikawakaribisha."

Nikakaa kitandani. Nikamwomba anisogezee maji ya kumezea dawa.

"Kunywa mengi," akasema akinipa kikombe. "Wale wageni wako walikuwa na sauti za watu wenye kiu."