Gunia la Jezi

Gunia lilitua mlangoni Jumapili jioni, na kishindo chake nakijua kuliko mlio wa simu yangu. Ndani yake mlikuwa na jezi, kaptula na soksi za timu nzima ya maveterani, pamoja na matope ya uwanja wa shule na jasho la wanaume waliopitwa na umri wa kukimbia, ila hakuna aliyethubutu kuwaambia.

"Zamu yetu," alisema mume wangu, akivua njumu juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki.

Jumapili ile haikuwa ya jezi. Ilikuwa yangu mimi, na aliniahidi yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, nikiwa nimefungwa bendeji mkononi.

Mimi ni dobi wa hospitali. Mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwangu: nayachambua, nayatia mashineni, nayatoa, nayapitisha kwenye mashine ya kunyooshea, ile yenye rola za moto. Nyumbani nina watoto watatu. Binti yangu wa kwanza ana akili za bibi kizee, wa kati hapendi kukaa ndani, na kitinda mimba anaota meno na hataki mtu mwingine alale kabla yake, wala baada yake. Na nina mume ambaye uwanjani wanamwita Ukuta, kwa sababu ni beki na mpira haumpiti. Sifa hiyo sijaiona nyumbani. Nyumbani kila kitu kinampita.

Jumanne na Alhamisi, mazoezi. Jumamosi, kikao cha timu kuhusu mechi. Jumapili, mechi. Jumatatu, kujikanda miguu na kueleza mechi. Ukimuuliza lini anakaa na watoto, anakuonyesha picha ya timu ambayo mtoto wetu wa kati amepakatwa na kocha.

Sasa, Jumatatu moja nikiwa kwenye rola nililala. Nililala nimesimama, macho wazi, kama ng'ombe. Shuka lilikuwa linavutwa na mashine, na mkono wangu nao ukalifuata. Mwenzangu wa upande wa pili alipiga ukunga na kubonyeza kitufe chekundu. Niliungua vidole tu. Tumewahi kuona mwenzetu aliyetoka pale bila kiganja, na hajarudi kazini tangu siku hiyo. Hospitali iliyompokea akiwa na jeraha ni hiyohiyo iliyomwachisha kazi.

Msimamizi alikuja amekunja uso. "Ulilala?"

"Nilichoka."

"Nakuuliza ulilala?"

"Na mimi nakujibu nilichoka."

Akaniambia nikirudia tena ananitoa kwenye mashine na kunitoa getini pia, maana hawezi kuajiri mtu wa kuokota vidole. Aliyasema hayo bila haya, yeye ambaye zamani alijifanya ana mafua siku tuliyogomea glavu. Mimi sisahau. Tulikuwa tunayapekua mashuka ya wodi ya upasuaji kwa mikono mitupu, na sindano zilikuwa zinasahauliwa humo. Tukadai glavu, tukaambiwa tuna kiburi. Tukayaweka mashuka chini, tukakaa juu yake, tukaimba. Jioni glavu zililetwa. Zote za saizi moja, kubwa, za mikono ya wanaume. Tukazivaa.

Basi siku niliyoungua, Ukuta aliniona na bendeji akashtuka kweli. Akanivua viatu. Akasema, "Mama watoto, Jumapili hii siendi popote. Watoto ni wangu kuanzia alfajiri. Wewe utalala mpaka usingizi wenyewe ukukimbie." Niliishi wiki nzima kwa maneno hayo. Kila nilipoona rola zinazunguka nilijiambia: shikilia, Jumapili inakuja.

Jumapili ikaja. Nikiwa bado kitandani, nikasikia mtu anagonga njumu ukutani kutoa udongo mkavu. Mlio huo hauna tafsiri mbili. Nikatoka. Katibu wa timu alikuwa amesimama mlangoni na filimbi shingoni, kama askari aliyekuja kukamata.

"Shemeji, za asubuhi? Tumwazime mzee kidogo tu."

"Si wa kuazimwa leo."

"Beki wetu mwingine goti limevimba. Tukikosa Ukuta leo tunapigwa kama ngoma."

"Pigweni."

Katibu akacheka, akidhani natania. Mume wangu hakunitazama. Alikuwa anafunga kamba za viatu polepole. "Mechi moja tu, mama watoto. Nikirudi utalala."

"Ulisema kuanzia alfajiri."

"Ni dharura."

"Dharura ni mimi!" nilisema, na kitinda mimba akaamka kwa sauti yangu mwenyewe. Wakaondoka. Jioni akarudi anachechemea kwa furaha, na gunia begani. Zamu ilikuwa ya kipa, ila mke wa kipa alikuwa na safari, kwa hiyo Ukuta, kwa ukarimu wake, alijitolea.

Hiyo zamu niieleze. Kila baada ya mechi jezi huenda nyumbani kwa mchezaji mmoja, zifuliwe, zirudi safi wiki inayofuata. Wanaiita zamu ya mchezaji. Sijawahi kumwona mchezaji yeyote ana povu mikononi. Kikao kilichopitisha utaratibu huo hakikuwa na mwanamke hata mmoja. Nakikumbuka, maana chai yake niliipika mimi, na nilipoingia na birika wote walinyamaza.

Nililisukuma gunia kwa mguu hadi kwenye kibaraza cha nyuma. Nikaliacha.

Siku iliyofuata nilirudi kazini na usingizi wangu uleule. Nilikuwa najifinya paja kila shuka linapoingia. Mwenzangu wa upande wa pili aliniimbia nyimbo za kanisani na za harusi, yoyote iliyomjia, ili nisipotee. Wiki nzima hivyo. Na wiki nzima gunia lilikaa pale nyuma, mvua ikalinyeshea, jua likalipiga, na Ukuta akalipita kila alipokwenda kuoga. Hakuliinamia. Kwa nini aliinamie? Jezi zikiingia nyumba hii zinatoka safi. Ndivyo dunia yake ilivyoumbwa.

Jioni moja nilimkuta binti yangu amechuchumaa kibarazani, amefungua mdomo wa gunia, beseni liko pembeni.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakusaidia, mama. Namba tano ni ya baba, ina damu ya pua. Ya kipa inafuliwa peke yake, inachuja rangi."

Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kunitazama tu. Nilimnyang'anya beseni kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, akaanza kulia, nami nikakaa chini karibu yake. Sikuwa na nguvu hata ya kumbembeleza. "Hizi si zako," nilimwambia. "Si zako na si zangu. Funga gunia."

Nilikwenda kwa mke wa kipa. Yeye ni msusi, alikuwa na kichwa cha mteja magotini na kitana mdomoni. Nikamweleza: tukikataa kufua, sisi wake sote kwa pamoja, watafanya nini?

"Watanunua sabuni," alisema, akacheka peke yake. "Wewe dada, kila mahali kwako ni mgomo. Huku si hospitali, hakuna kitufe chekundu."

"Huchoki?"

"Nachoka. Lakini mpira ni afadhali. Angeniletea mke mwenza wa nyama na damu ningemfulia na yeye." Akamgeuza mteja kichwa. "Mimi simo. Ila sijakusikia, na sikukuona."

Hiyo ndiyo jumuiya niliyoipata. Nimewahi kuanza na ndogo kuliko hiyo.

Jumapili asubuhi Ukuta aliamka anapiga mluzi. Mechi ilikuwa na wageni kutoka mbali, na mkuu wa shule alialikwa.

"Jezi ziko tayari?"

"Ziko kwenye gunia."

Akaliinua, akalitupa begani. Lilikuwa zito kuliko kawaida, nikaona bega linashuka kidogo. Akatoka nalo bila kulifungua. Nikawavalisha watoto, nikambeba kitinda mimba mgongoni, tukamfuata taratibu kwa nyuma.

Wageni walikuwa wamepanga mstari, kijani tupu, wananukia sabuni. Wetu walikuwa vifua wazi, wanarukaruka kujipasha moto. Katibu akafungua gunia kwa mbwembwe, akachomoa jezi ya kwanza, akairudisha kana kwamba imemng'ata. Harufu ilitufikia hata sisi tuliokuwa kwenye benchi. Jezi zilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na soksi zilishikana kama unga uliochacha. Wageni walianza kwa kuguna, wakaishia kushika mbavu. Mchezaji wao mmoja akauliza kama hiyo ndiyo silaha yetu ya siri.

"Shemeji!" Katibu alinijia. "Hii ni nini?"

"Jasho lenu. Nimewatunzia."

Mke wa kipa alikuwa benchi ileile. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitetemeka. Hakusema neno, kama alivyoahidi.

Ukuta alikuja mbio. Sijawahi kumwona mtu mzima ana uso wa mtoto aliyevuliwa nguo hadharani. "Umeniaibisha," alisema chini chini. "Mbele ya watu wote hawa. Si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia nikiwa na bendeji."

Nikamfungua kitinda mimba mgongoni, nikamweka mikononi mwake. Mtoto akamshika sikio. Wa kati alishakimbilia mpira. Binti yangu alibaki amesimama katikati yetu, ananitazama mimi, anamtazama baba yake. Nikamwambia, "Wewe kaa, cheza. Mwenye kazi ya kulea leo ni baba." Nikageuka nikaondoka. Nyuma yangu filimbi ililia, na mwanangu naye akalia. Miguu ilitaka kurudi. Niliiburuta mpaka nyumbani.

Nililala. Sitaeleza zaidi, maana aliyelala hana cha kusimulia.

Niliamshwa na mlio wa maji. Nje, Ukuta alikuwa ameinama juu ya beseni, kaptula imelowa, anasugua. Alikuwa amezichanganya zote, na ya kipa imechuja, zote zimekuwa na rangi ya ufizi. Watoto wakubwa walikuwa wanazianika, na kitinda mimba amelala kwenye mkeka, amekumbatia njumu.

"Mlicheza?" niliuliza.

"Walicheza. Vifua wazi." Alikamua soksi. "Mimi nilikuwa benchi na huyu. Kila nikimpa mtu, analia."

"Mkafungwa?"

"Usiulize."

Nikakaa kwenye ngazi. Hakunitazama, na hasira yake niliiona kwenye namna alivyokuwa anasugua. Sikuwa na hamu ya kuipoza.

"Mgongo unauma," alisema baadaye, kama mtu aliyegundua nchi mpya. "Hii kazi inauma mgongo."

"Eti eh?"

"Jumapili ijayo tuna mechi ya marudiano."

"Nyie mna mechi. Mimi nina usingizi."

Akaacha kusugua. Binti yangu naye akaacha kuanika, akasikiliza.

"Nitawachukua hawa wawili," alisema mwishoni. "Kila Jumapili, niende nao. Huyu mdogo siwezi, mama watoto. Ananyonya. Huyu abaki na wewe. Na jezi, nitawaambia kila mtu afue yake."

Nilimtazama binti yangu, aliyekuwa anapangusa mikono kwenye gauni, hana beseni mbele yake. Nikamtazama yule wa kwenye mkeka, ambaye hatalala Jumapili ijayo, na hataniacha nilale. Nilikuwa na maneno mengi. Nimewahi kuyasema mbele ya mameneja bila kupepesa.

"Sawa," nilisema. "Kwa kuanzia."

Nilichopewa kilikuwa tena zile glavu za hospitali, za saizi moja, kubwa. Nikambeba mtoto, nikarudi naye ndani, nikajaribu kulala kabla hajaamka.