Mgomba wa Baba

Chiriku alishuka melini na mabegi yaliyomzidi nguvu na mdomo usiojua kupumzika.

"Shoga yangu, umekonda! Huku wanakulisha hewa?" alipiga kelele hata wapagazi wakageuka.

Mwenyeji wake alicheka mpaka machozi. Walikulia ua mmoja, wakachapwa kwa fimbo moja, na hakuwa amejua kiu yake ya mtu wa kwao mpaka alipomwona. Pale kisiwani wote walimwita Bibi Shamba, ingawa hata mume hakuwa naye, sembuse wajukuu. Alikuja kujitolea kupambana na mnyauko, ugonjwa wa migomba uliokwisha kufyeka visiwa vya jirani. Hiki kilikuwa bado kimenusurika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shamba kwa shamba akihubiri neno moja: panga lililokata mgomba wa mwenzio lisiguse wako mpaka lipite motoni. Walimtania sana. Watoto wakimwona walijifanya wanachoma vijiti. Hakujali, mradi wazazi wao walichoma kweli.

Aliyeshika somo kuliko wote alikuwa mama mwenye nyumba, mjane aliyempa chumba cha uani bure na kumwita mwanangu tangu siku ya kwanza. Migomba iliyoizunguka nyumba ndiyo iliyomlisha, ikamvisha, ikamlipia mjukuu shule. Kila panga lake lililoazimwa, hata na mdogo wake wa tumbo moja, lilirudi kwa kupitia kwenye moto wa jikoni.

Usiku Chiriku na mwenyeji wake walibanana kitanda kimoja na kuteta watu wote wa kwao, walio hai na waliokufa. Mchana Bibi Shamba alikwenda kazini, na mgeni akabaki akizunguka ua na kujitafutia shughuli.

Jioni moja Bibi Shamba aliporudi, Chiriku alimziba macho kwa viganja akamsukuma hadi nyuma ya bafu.

"Haya, tazama!"

Mche wa mgomba ulikuwa umesimama kwenye udongo uliomwagiwa maji. Shina lake lilikuwa na ule wekundu alioujua tangu utotoni.

"Baba yako huyo," Chiriku alisema, akijipigia makofi mwenyewe. "Kanipa kwa mkono wake. Kasema mwanangu asikae ugenini kama hana kwao. Nimeuvingirisha kwenye khanga, nikauzika katikati ya nguo za ndani. Askari wa forodha alipoziona tu, akashikwa na haya, akalifunga begi mwenyewe! Nimeupanda jana ulipokuwa kazini, nikauficha kwa makuti nione utakavyoruka kwa furaha."

Kwa kitambo Bibi Shamba hakukumbuka kazi wala kisiwa. Alipiga magoti akashika jani changa, akamwona baba yake akiinama shambani na kofia yake iliyotoboka. Kisha, mkono ungali juu ya jani, akili ikamrudia.

"Shamba la baba liko salama?"

"Salama kabisa. Kona ya juu tu ndiyo majani yamelegea, na ndizi zinaiva kabla hazijajaa. Mzee anasema ni jua."

Bibi Shamba aliingia ndani akatoka na kisu, akaukata mche karibu na ardhi, akangoja. Taratibu ute wa manjano ukachuruzika kwenye jeraha. Ulikuwa uleule wa kwenye picha alizobandika katika kila duka la kisiwa. Hakujua aanze kumlilia nani, baba yake au mama mwenye nyumba.

"Mizizi uliipunguza kwa kitu gani?"

"Kwa panga la mama. Nilimwambia wewe ndiye unalitaka, asije akaniharibia siri yangu. Nikamrudishia jana ileile."

Na leo, tangu asubuhi, mama alikuwa akipogoa. Bibi Shamba alipokuwa akiingia alipita katikati ya malundo ya majani, akamsifu kwa bidii yake.

Chiriku alipoelezwa alishika kichwa, akakaa chini kwenye tope. Kisha akanong'ona, "Tuung'oe huu, tuuchome. Ikija kunyauka, nani atajua ilianzia wapi? Mimi nitakuwa nimeshaondoka. Wewe ukisema, watakufukuza kama mbwa."

Tusimpambe Bibi Shamba. Alisimama pale akayapima maneno hayo, na yalikuwa matamu. Lakini panga lile kesho lingeweza kuazimwa na jirani, na keshokutwa na jirani wa jirani. Alijifuta mikono kwenye gauni akaenda jikoni.

"Karibu mwanangu," mama alisema, akimsogezea kigoda. "Mgeni wetu umemwacha wapi?"

Alisimulia yote bila kukaa. Mama aliweka kikombe chini, akatazama nje.

"Ikatwe yote?"

"Yote uliyoipogoa leo, mama."

"Nimeipogoa yote."

Hapo Bibi Shamba akakumbuka jambo, na moyo ukamruka kwa tumaini. "Lakini mama, wewe panga likirudi huwa unalichoma! Hata la mdogo wako unalichoma. Na hili ulilichoma, siyo?"

Mama alimgeukia. Usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo, ila mshangao, kama aliyeulizwa swali la kitoto.

"Lilitoka kwako, mwanangu. Ningelichoma la nini?"

Bibi Shamba alikosa pa kuuweka uso wake. Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefutwa vizuri. Akalichukua akalitia motoni, akalishikilia humo mpaka mpini ukaanza kumuunguza. Alipolitoa, mama alikuwa ameshatangulia nje, amesimama kando ya mgomba wa mlangoni, akimngoja aanze na huo.