Meli ya Nchi Kavu

Mzee Randa alikuwa ameijenga ile boti ya kifahari na kuibomoa mara nyingi mno, mpaka hamu yote ya kuiita boti ikamwishia. Yeye na mafundi wenzake waliiita meli ya nchi kavu. Ilikuwa vyumba vya plaiwudi na makaratasi magumu, vimesimama katikati ya ghala kubwa, kwa ukubwa ule ule ambao boti ya kweli ingekuwa nao: sebule, jiko, ngazi, vyumba vya wageni na chumba kikuu cha mwenye mali. Tajiri akija alipita humo, akafungua milango, akakaa kwenye viti vya mbao tupu, kisha akasema anataka nini kibadilishwe. Akisharidhika, ndipo boti yenyewe ijengwe kiwandani kwa mbao za thamani, na hii ya Mzee Randa ivunjwe.

Kuvunjwa hakukumsumbua. Kilichomchosha ni kubadilishwa. Baa ilianza juu, ikateremshwa chini, ikapandishwa tena juu kama mgonjwa anayetafutiwa daktari. Ngazi iliyonyooka ilitakiwa ijipinde, na ilipojipinda, tajiri akasema inamtia kizunguzungu. Sebule ndiyo iliyomaliza watu. Ilitakiwa iwe na kuta za mviringo, na ili plaiwudi ikubali kuzunguka lazima ukate vipande vyembamba kama rula. Kila mviringo ulimeza mbao nzima nzima, na mabaki yakaenda kuchemshia chai ya mafundi.

"Chai ya bei mbaya kuliko zote duniani ni hii," alikuwa akisema msimamizi wa ghala, huku akipuliza kikombe chake.

Mzee Randa alicheka na wengine, lakini moyoni hakucheka. Mbao zile alikuwa na haja nazo. Msimamizi, mtu mwenye sauti ya ukali na roho laini, alikuwa amemwahidi mbele ya wote: siku tajiri atakapokipitisha chumba kikuu, ule ukuta mrefu kati ya kitanda na bafu, wenye plaiwudi nzima zilizosimama bega kwa bega, pamoja na mlango wake wa kusukuma, vyote ni vya Mzee Randa, abebe aende navyo nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Alikuja kwao baada ya kuugua, akisema atakaa kidogo tu apate nguvu, na nguvu zikawa zinakuja kwa kunyata. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha Mzee Randa na mkewe, kingine cha wajukuu, na shemeji akalala sebuleni kwenye kochi. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Mzee Randa. Wajukuu wakikawia kwenye televisheni, shemeji alikaa pembeni macho yakijifumba, akisema hana usingizi. Alfajiri, kabla mtu hajaamka, alikuwa ameshakunja shuka zake na kuzificha nyuma ya kochi, kana kwamba hakuna aliyelala pale. Nguo alibadilisha nyuma ya mlango wa kabati la sebuleni ulioachwa wazi, na mara moja mgeni aliingia bila hodi, mama wa watu akabaki amejibanza pale na gauni mkononi.

Tangu siku hiyo Mzee Randa alikuwa na neno moja tu: "Shemeji, vumilia, mbao zinakuja. Nitakukatia chumba hapa hapa sebuleni, na mlango wake wa kufunga."

"Wala usijisumbue, shemeji," alijibu. Lakini siku moja Mzee Randa alimkuta amesimama kwenye kona ya sebule, akipima kwa macho, mkono umenyooshwa kama anayeshika kitasa.

Basi ile siku ya kukipitisha chumba kikuu ikafika. Walikuja tajiri na mkewe, na pamoja nao mchoraji, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameichora boti yote, kuanzia tangi la maji mpaka vitasa vya kabati. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alimsalimia Mzee Randa kwa mikono miwili kama kawaida yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umelala?"

"Nitalala tukizika hii boti," alisema mchoraji kwa sauti ya chini, na wote wawili wakatabasamu kichovu.

Tajiri alipita vyumba haraka haraka, simu sikioni. Sebule sawa. Ngazi, basi, sawa. Alipofika mlangoni pa chumba kikuu alipunga mkono, akasema, "Hapa mama ndiye aseme, mimi nikishalala sijui niko wapi," akatoka nje kuendelea na simu.

Mkewe akaingia. Alivua viatu kwanza, akaviweka nje, ingawa sakafu ilikuwa ya plaiwudi yenye alama za penseli na vumbi la msumeno. Mzee Randa aliliona hilo. Katika muda wote wa ujenzi ule, hakuna mtu aliyewahi kuvua viatu kwa heshima ya kazi yake. Mama yule alitembea polepole, goti moja likimsumbua, akashika ukuta mrefu, akasukuma mlango wa bafu, ukateleza bila kelele.

"Mlango mzuri," alisema. "Nani kautengeneza?"

"Ni mimi, mama."

"Hongera."

Kisha akajilaza kitandani, juu ya ubao mtupu, mikono kifuani. Akafumba macho. Alikaa hivyo hadi msimamizi akamtazama mchoraji kwa wasiwasi, kama anayeuliza, amelala au vipi? Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa muda mrefu, akapata mahali ambapo haulizwi neno.

Mzee Randa alikuwa anajua tatizo la chumba kile. Kitanda kilikuwa kimebanwa ubavuni mwa boti, kwa sababu bafu lilikuwa limechukua nafasi yote ya upande wa pili. Kwenye mchoro hakikuwa na kasoro: mstatili safi wenye mito miwili. Lakini mito haiamki usiku. Wa upande wa ukutani akitaka kutoka, lazima ampande mwenzake, au atambae mpaka miguuni kama mtoto, tena chombo kikiyumba. Mchoraji naye alijua. Walikuwa wamekitazama pamoja wiki nyingi zilizopita, mchoraji akakuna kichwa, Mzee Randa akatazama pembeni, na hakuna aliyesema, maana dawa yake ilikuwa moja: ule ukuta mrefu ujipinde.

Mke wa tajiri akafumbua macho, akageuza kichwa. Hakumtazama mchoraji. Alimtazama Mzee Randa.

"Baba, niambie kweli. Wewe ungelala hapa na mama wa nyumbani kwako?"

Msimamizi, nyuma ya mgongo wa mama yule, alimkazia macho kwa nguvu: sema ndiyo, mzee, sema ndiyo uchukue mbao zako. Na ilikuwa huruma tupu iliyomfanya akaze macho vile.

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mzee Randa aliutazama ukuta mrefu, akamwona shemeji yake akishika kitasa kisichokuwepo. Akamtazama mama aliyelala, akaona lile goti, akaona viatu viwili vimepangwa vizuri nje ya mlango. Alijiwa na uchovu mkubwa, ule wa mtu ambaye mwili wake haujafanya kazi yoyote.

"Nani atalala ukutani, mama?"

"Mimi. Mume wangu huamka mara kwa mara usiku kucha, hawezi kuwekwa upande wa ndani."

"Basi mimi nisingelala," alisema. "Ukitaka kutoka utampanda baba wa watu. Na hilo goti halitakusamehe."

Mke wa tajiri aliketi, akakitazama kitanda upya. Ghafla akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichomtikisa mabega. "Nimpande! Atafikiri tumezama!"

Hata msimamizi akacheka, ingawa alikuwa ameshika kichwa.

"Anasema kweli, mama," alisema mchoraji. "Nami niliona. Nilichoka tu, nikaogopa kuanza upya. Nisamehe." Akachukua penseli, akapiga magoti pale pale sakafuni, akachora mstari uliotoka mlangoni ukijipinda mpaka miguuni mwa kitanda. "Ukuta ukizunguka hivi, utashuka upande wowote unaotaka."

Jioni ile Mzee Randa mwenyewe alishika msumeno. Wenzake walitaka kumpokea, akakataa. Alikata plaiwudi moja baada ya nyingine vipande vyembamba, na msimamizi alikuja akaanza kuviokota kimya kimya, kazi ambayo haikuwa yake.

Nyumbani alimkuta mkewe jikoni peke yake. Akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote bila kutia chumvi.

"Kwa hiyo mbao hakuna," alisema mkewe.

"Hakuna. Nimeziua kwa mdomo wangu."

Mkewe aliendelea kusugua sufuria. "Ungesema uongo ungeniletea huo ukuta, kila siku niutazame," alisema hatimaye. "Afadhali ulivyosema kweli." Kisha akaweka sufuria chini. "Lakini wewe mwanamume, tangu lini tunangoja mbao? Tumekaa tunangoja ukuta, na dada yangu anavulia nguo nyuma ya kabati. Chumba chenye mlango si kipo?"

"Kipi?"

"Hicho tunachokoromea mimi na wewe."

Mzee Randa aligeuka akautazama mlango wa chumba chao. Alikuwa ameipima sebule ile kila upande, ameipanga kichwani kama mchoraji wa boti, kitanda huku, droo chini yake, mlango wa kusukuma. Chumba chake mwenyewe hakuwahi kukipima.

Walipomwambia, shemeji alipiga kelele kama anayeibiwa. "Niwatoe kitandani kwenu? Watu watasema nini? Mlale kwenye godoro la sakafuni, na mgongo wa shemeji huo!"

"Mgongo ni wangu, shemeji," alisema Mzee Randa, akiwa ameshalivuta godoro la akiba hadi sebuleni. "Nakaa nao popote."

"Dada," alisema mkewe, "nimechoka, wewe umechoka, huyu ndiye hajiwezi kabisa. Ingia ulale."

Aliingia kwa hatua za mtu anayeogopa kuchafua. Wajukuu wakambebea shuka zake, na mto, na kikopo chake cha dawa. Mlango ukafungwa. Sebuleni taa ikazimwa, Mzee Randa akajinyoosha sakafuni, kila kiungo kikidai haki yake.

Wakasikia komeo likisukumwa taratibu. Halafu komeo likarudishwa.

"Shemeji?" sauti ya ndani iliita. "Nimeacha wazi, labda mtahitaji kitu katika kabati lenu la huku."

"Hatuhitaji kitu!" mkewe alipaza sauti gizani. "Funga, dada!"

Kisha komeo likaingia mahali pake.