Foleni Chini ya Dirisha

Kila alfajiri ndoo zilianza kugongana chini ya dirisha la fundi redio, naye kila alfajiri alitoa kichwa nje akafoka, "Nyie! Mtaamsha hata waliokufa!" Akina mama waliopanga foleni kwenye bomba la mtaa wakamrudishia, "Amka basi, babu, mchumba kaja!" Fundi alibamiza dirisha, kisha akacheka peke yake nyuma ya kioo. Tangu mkewe afariki, hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake ya siku nzima. Redio zilizojaa mezani husema sana, ila hazimjibu mtu.

Mwaka huo zikaja pesa za kuboresha mtaa, na safari hii wakazi waliambiwa waamue wenyewe. Wakakutana uwanja wa shule. Huyu anataka taa, yule anataka mtaro, zogo tupu. Ndipo akasimama muuza mkaa, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza.

"Tuvute maji kila nyumba. Migongo imekwisha, jamani! Halafu tumwonee huruma babu yetu fundi. Miaka yote tunamkosesha usingizi mzee wa watu. Naye apate utulivu."

Makofi yakalipuka.

"Kuna mwenye pingamizi?" mwenyekiti akauliza.

Fundi akasimama. Nyuso zote zikamgeukia, zikitabasamu. Aseme nini? Kwamba wanawake wazidi kuvunjika migongo ili yeye apate wa kugombana nao?

"Mimi..." Akakohoa. "Nanyoosha miguu tu."

Wakaangua kicheko. Kura ikapigwa kwa mikono, na mkono wa fundi ukiwemo.

Mabomba yakaingia majumbani, lile la mtaa likang'olewa. Asubuhi ya kwanza fundi aliamka saa ileile, akaketi kitandani akisubiri, ingawa alijua hakuna anayekuja. Upweke ulimuuma hasa. Akalia, tena kwa sauti, maana nani angemsikia?

Siku chache baadaye akakutana na muuza mkaa dukani.

"Haya babu, siku hizi unalala?"

"Nalala fofofo, mwanangu."

Alitaka kuongeza neno, lolote lile, hata la kumchokoza. Lakini mama alikwisha kugeuka, anakwenda zake upesi, amefurahi kwa wema waliomtendea.