Redio Hainyamazi

Mtayarishaji wa kipindi nilimbatiza Mama Saa kabla hajamaliza kutusalimia, maana alitupa mkono huku macho yake yako ukutani, kwenye saa. Nilimnong'oneza mama jina hilo, naye akanifinya nisicheke. Mgongoni nilikuwa nimebeba chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Askari wa getini alishaniuliza kama nahama nyumbani na kabati langu.

Kila wiki redio ya taifa hualika kijana mmoja apige muziki wa klasiki moja kwa moja hewani. Safari hii kijana mwenyewe nilikuwa mimi, na kibao nilikitunga kwa mkono wangu. Mama hakuwahi kukisikia mpaka mwisho. Nikianza mazoezi tu nyumbani, yeye hufunga mlango wa jikoni na kuongeza sauti ya redio yake.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia mpaka ukutani. Kiti cha kwanza kililia nilipokikalia, wakanibadilishia. Nikaanza kupiga kwa majaribio. Nilipofika katikati nikainua upinde wa chelo kutoka kwenye nyuzi, nikanyamaza, huku nikihesabu moyoni kama nilivyoandika.

"Vipi, umesahau?" Mama Saa aliuliza kupitia spika, kutoka upande wa pili wa kioo.

"Sijasahau, mama. Hapo pana kimya."

"Kirefu hivyo?"

"Kirefu hivyo."

Akaja mwenyewe, na mama yangu nyuma yake. "Sikiliza, binti. Redio hainyamazi. Tukinyamaza, mtambo unadhani tumekufa, unajipigia wimbo wa kituo wenyewe, na matarumbeta yake yote. Hapo vuta noti moja ndefu, yaishe."

Nilimgeukia fundi mitambo, aliyekuwa amepiga magoti akinyoosha waya wa kipaza sauti. "Kwani mtambo hauzimiki?"

Akakuna kichwa. "Kuzimika unazimika, ni swichi tu. Ila mpaka mkubwa aruhusu, na mkubwa leo hayupo. Mimi sitaki kumwaga unga, mdogo wangu."

"Si uvute tu hiyo noti?" mama akadakia. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya, umeanza ukaidi wako. Watu wamekuheshimu, wamekuita, na wewe unawapanda kichwani!"

Hapo hasira zikanipanda kweli. Nikasema mbele za watu neno ambalo sikuwahi kulisema nyumbani.

"Baba alipofariki, nyumba ilijaa watu, na wote wanaongea. Jikazeni. Mshukuru hakuteseka. Ukifungua mdomo ulie, mtu anakutilia neno. Na walipoondoka wao, mama, ukawasha redio, mpaka leo hujaizima. Mimi na wewe hatujawahi kukaa kimya tukamlilia. Hicho kimya nimekitunga kwa ajili yetu sisi wawili. Sikijazi noti wala nini."

Mama aliinamia zulia. Fundi akajifanya waya bado haujanyooka.

"Pole sana," Mama Saa alisema, na nilimwamini, sauti yake ilikuwa imelegea. Kisha akatazama saa. "Lakini noti utaivuta."

Nikaketi, nikaiweka chelo sawa. Alidhani nimekubali, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua.

Wakarudi upande wao wa kioo. Taa nyekundu ikawaka, mtangazaji akanimwagia sifa nyingine nisizozijua, nikaanza. Nilipofika katikati nikainua upinde. Kimya kikaingia, kizuri, kikaanza kukaa. Mara matarumbeta yakalipuka kwenye hedifoni nilizovaa masikioni, na dume moja la sauti nene likanguruma: "Redio yenu, daima pamoja nanyi!"

Niliwaacha wamalize mambo yao.

"Endelea!" Mama Saa alinipigia kelele masikioni. "Endelea hapo ulipoishia!"

Nikavua hedifoni, nikaziweka chini. "Wasikilizaji," nikasema, "mtambo umenikatiza. Naanza mwanzo."

Nikaanza mwanzo. Naapa sijawahi kupiga vizuri namna ile. Nilipiga kwa shari, kama mtu anayedai haki yake. Kwenye kioo nilimwona Mama Saa akijipitisha kidole shingoni, ishara kwamba nikatwe. Mkono wa fundi ulikuwa tayari juu ya kitufe. Angenikata pale pale, wakaweka santuri ya mtu mwingine, na mimi ningerudi nyumbani na kabati langu. Niliendelea kupiga, macho yamewatoka wao na mimi yamenitoka.

Ndipo mama yangu akasimama. Huyu mama ambaye hujikunja akiongea hata na karani wa posta, alijipenyeza akasimama kati ya Mama Saa na meza ya fundi. Nyuma ya kioo sikusikia kitu, niliona midomo tu. Baadaye fundi alinisimulia. Mama alimuuliza swichi ya mtambo iko wapi. Fundi akamwambia haruhusiwi kuigusa. "Wewe huruhusiwi," mama akamjibu. "Mimi hakuna aliyenikataza. Nionyeshe." Fundi akaielekeza kwa kidevu. Mama akaizima kwa mkono wake mwenyewe, kisha akageuka akamkabili Mama Saa, mikono kiunoni.

Nilikuwa nimekaribia. Noti ya mwisho kabla ya kimya ni ya chini kabisa, huisikia tumboni. Nikaivuta mpaka ikaisha yenyewe, nikainua upinde.

Hakuna kilichokuja. Si tarumbeta, si mtu.

Mama aliganda pale pale alipo, kama anayesubiri kukemewa. Hakukemewa. Mikono ikamtoka kiunoni. Akavuta kiti cha fundi, akakaa, akaanza kulia mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Mama Saa aliinua mkono amguse, akaurudisha.

Hesabu niliyoandika ikafika mwisho. Mama alikuwa hajamaliza. Nikauacha upinde juu, na nchi nzima ikamsubiri.